Meza ya Mhariri: Joseph Keppler na Kuzaliwa kwa Gazeti la Katuni Marekani



Mada niliyopewa ni historia ya katuni magazetini. Ni pana kuliko muda tulio nao, kwa hiyo nimemchagua mtu mmoja nimfuate kwa karibu: Joseph Keppler, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani akiwa mtu mzima, akafiwa na magazeti mawili kabla ya la tatu kumwinua.

Wengi wanaomfahamu Keppler wamekutana naye katika vitabu vya historia ya Marekani, ambamo michoro yake miwili mitatu huchapwa tena na tena ili kuonyesha jinsi matajiri walivyoishika Seneti au jinsi wahamiaji walivyopokewa. Michoro hiyo inastahili sifa zake. Hata hivyo, hoja yangu leo ni kwamba jambo kubwa kuliko yote alilolifanya halimo ndani ya mchoro wowote mmoja. Keppler alikuwa mhariri. Alijenga gazeti ambamo picha ilitangulia na maneno yakafuata, akawakusanya humo vijana wenye kipaji, wengi wao wahamiaji au watoto wa wahamiaji, akawafundisha kazi. Vibonzo vya Marekani ambavyo baadaye vilienea duniani vilipita katika chumba cha gazeti hilo kabla ya kufika kwenye magazeti ya Jumapili.

Mwana wa mwoka mikate

Keppler alizaliwa tarehe 1 Februari 1838. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Mwaka 1848, mapinduzi yalipolipuka katika miji mingi ya Ulaya na watawala wakayazima kwa mtutu wa bunduki, mzee huyo alivuka bahari, akafungua duka katika jimbo la Missouri. Mwanawe alibaki. Alisoma katika Chuo cha Sanaa cha Vienna, akachora kwa ajili ya Kikeriki, gazeti la vichekesho la mji huo, na kwa kuwa kalamu peke yake haikumlisha, akapanda jukwaani. Kwa miaka kadhaa riziki yake ilitokana na uigizaji, akizunguka na vikundi vya maonyesho.

Nawaomba mlishike hilo la jukwaa. Katika michoro yake ya baadaye utamwona mtu aliyezoea kuwapanga waigizaji: nani asimame mbele, nani achungulie nyuma ya pazia, mwanga uangukie uso upi. Picha zake za kurasa mbili zina watu wengi kupita kiasi, na bado jicho la msomaji linajua pa kuanzia na pa kuishia. Ustadi huo hakuupata darasani. Aliupata mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio na ambao wasingesubiri afafanue.

Mwaka 1867 alihamia Marekani pamoja na mke wake Minna, naye pia mwigizaji, wakatua St. Louis, Missouri. Mji huo ulikuwa na jamii kubwa ya Wajerumani waliokuwa na magazeti yao, kumbi zao za maonyesho na viwanda vyao vya bia. Mhamiaji angeweza kuishi humo miaka mingi bila kuhitaji Kiingereza. Katika kipindi hichohicho kijana mwingine, Joseph Pulitzer kutoka Hungaria, alikuwa akianza uandishi katika gazeti la Kijerumani la mji huo, Westliche Post. Nitamrudia Pulitzer baadaye.

Keppler aliigiza kidogo, kisha akarudi kwenye kalamu. Agosti 1869 alianzisha Die Vehme, gazeti la wiki la vichekesho kwa Kijerumani. Lilidumu mwaka mmoja tu. Mwaka 1870 Minna alifariki. Mwaka uliofuata Keppler alioa tena, na mwaka huohuo akaanzisha gazeti la pili. Aliliita Puck, jina la yule kiumbe mtundu katika tamthilia ya Shakespeare anayewacheka binadamu kwa upumbavu wao. Mwaka 1872 nalo likafa.

Basi huyu hapa mtu wa miaka 34, mjane aliyeoa upya, mgeni katika nchi, na magazeti mawili kaburini. Wengine wangeliuza meza yao ya kuchorea. Yeye alihamia New York kutafuta ajira.

Gazeti moja, lugha mbili

Aliyemwajiri New York alikuwa Frank Leslie, mchongaji wa picha za chapa kutoka Uingereza ambaye alikuwa amejijengea milki ya magazeti ya picha. Kwa Leslie, Keppler alijifunza mwendo wa gazeti kubwa la wiki: tarehe ya mwisho isiyosogea, msomaji wa nchi nzima, siasa za Washington. Humo pia alikutana na Adolph Schwarzmann, mhamiaji mwenzake aliyeijua kazi ya uchapaji na aliyejua hesabu. Huko St. Louis, Keppler hakuwa na mtu wa namna hiyo. Mchoraji anayelazimika kuchora, kuhariri, kufukuzia matangazo na kuwalipa wachapaji kwa mkono mmoja hawezi kudumu, hata awe hodari namna gani.

Wawili hao waliondoka kwa Leslie, na Septemba 1876 Puck likafufuka New York kwa Kijerumani. Machi 1877 likatoka toleo la Kiingereza, kwa ushawishi wa Sydney Rosenfeld, mtu wa tamthilia ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake wa kwanza. Mwanzoni toleo hilo halikujilipa. Lilibebwa na mapato ya lile la Kijerumani. Wasomaji wahamiaji waliolinunua gazeti kwa lugha yao ndio waliolipia hatua za kwanza za gazeti ambalo baadaye wenyeji wote wangelijua.

Matoleo hayo mawili yalitumia picha zilezile. Maandishi ndiyo yaliyobadilika. Tafakarini maana yake kwa mchoraji. Picha ilipaswa kumfikia mwenye duka wa Cincinnati anayesoma Kijerumani na karani wa Brooklyn anayesoma Kiingereza, kwa nguvu ileile. Ucheshi unaotegemea kuchezea maneno usingesaidia. Hoja ilibidi iwe katika mwili wa mchoro: katika unene wa tumbo, mlango uliofungwa, kivuli kilichoanguka ukutani. Keppler, ambaye Kiingereza alikikuta ukubwani, alilazimika kuifanya picha iseme yote. Ulazima huo ukawa ndio nguvu ya gazeti.

Jiwe na rangi

Nguvu ya pili ilikuwa rangi, na hapa itabidi niseme kidogo kuhusu ufundi wenyewe, kwa sababu bila ufundi huo hatumwelewi mtu huyu.

Katika miaka ya 1870 mchoraji wa katuni aliyetamba Marekani alikuwa Thomas Nast wa Harper's Weekly, naye pia mhamiaji, mzaliwa wa Landau, Ujerumani, aliyefika New York akiwa mtoto. Kazi ya Nast ilichapwa kwa ubao: mchoro uliwekwa juu ya ubao mgumu, na mafundi wakachonga na kuacha mistari tu. Matokeo yalikuwa makali, yenye mistari mingi iliyopishana, na yote nyeusi kwa nyeupe. Mkono wa mchongaji ulisimama kati ya mchoraji na msomaji.

Keppler alifuata njia ya litografia, yaani chapa ya jiwe. Siri yake ni kwamba mafuta na maji hayachanganyiki. Mchoraji huchukua jiwe la chokaa lililosawazishwa na kusuguliwa hadi likawa laini, akachora juu yake kwa kalamu ya mafuta. Jiwe hulowanishwa, wino wa mafuta hupakwa, nao hushika pale tu palipochorwa. Karatasi ikibanwa juu yake, mchoro hutoka. Kila rangi huhitaji jiwe lake, na mawe yote lazima yaangukie mahali palepale kwenye karatasi, la sivyo wekundu wa pua utahamia shavuni. Tena, kwa kuwa chapa hugeuza picha, mchoraji hulazimika kuchora kinyume, na kila herufi ageuze.

Faida ya taabu hii yote ilikuwa kubwa. Kilichochorwa ndicho kilichochapwa, pamoja na ulaini wa kalamu na giza la vivuli. Puck lilianza kwa weusi peke yake, likaongeza rangi hafifu za kupakia juu, na kufikia miaka ya 1880 jalada, kurasa mbili za katikati na ukurasa wa nyuma zilikuwa zikiwaka rangi kila wiki. Bei ilikuwa senti 10. Mapema katika miaka hiyo ya 1880, gazeti lilikuwa likiuza nakala zipatazo 80,000 kwa wiki. Picha ya katikati ilichomolewa na kubandikwa ukutani kwenye vinyozi na mabaa, ikaonwa na wengi ambao hawakutoa hata senti.

Mwaka 1885 ujenzi wa makao mapya ya gazeti ulianza kwenye kona ya mtaa wa Houston, Manhattan, kwa mchoro wa msanifu majengo Albert Wagner. Ni jumba la matofali mekundu lenye matao, na juu ya kona yake imesimama sanamu ya Puck iliyopakwa dhahabu, kofia ndefu kichwani, kazi ya mchongaji Henry Baerer. Kampuni ya litografia ya Jacob Ottmann ilikuwa humohumo, kwa hiyo mchoraji, mhariri, jiwe na mtambo vyote vilikaa chini ya paa moja. Jengo hilo lipo hadi leo, nalo linaitwa kwa jina la gazeti.

Meza yenyewe

Sasa nifike mahali nilipokuwa nikielekea. Ndani ya jengo hilo, na katika ofisi zilizolitangulia, Keppler alifanya kazi ambayo haiachi sahihi kwenye kona ya ukurasa.

Kwanza, alimpata mwandishi aliyefaa. Henry Cuyler Bunner alikuwa kijana mdogo, aliyezaliwa mwaka 1855, alipoushika uhariri wa toleo la Kiingereza. Aliushikilia hadi kifo chake mwaka 1896. Bunner alilipa gazeti lugha ya Kiingereza ambayo Keppler asingeweza kuitoa mwenyewe: tahariri nyepesi, mashairi, hadithi fupi. Mhamiaji yule alijua mpaka wa uwezo wake, akamkabidhi mwingine kalamu ya maneno bila kumwonea wivu.

Pili, aliwafundisha wachoraji. James Wales alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Bernhard Gillam alikuwa mzaliwa wa Uingereza. Friedrich Graetz alikuja kutoka Ulaya mapema katika miaka ya 1880. Eugene Zimmerman, aliyezaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1862 na kuletwa Marekani akiwa mtoto, alikuwa akichora mabango ya maduka kabla ya Puck kumchukua mwaka 1883. Akakua humo na kuwa mmoja wa wachoraji wa vichekesho waliopendwa zaidi katika nchi. Frederick Burr Opper, aliyezaliwa Ohio kwa wazazi wahamiaji kutoka Austria, aliingia mwaka 1880 na kukaa miaka 18. Watu hawa hawakuchora kwa namna moja. Zimmerman alivuta nyuso na miguu kwa fujo na furaha. Opper alipenda watu wa kawaida katika mikasa ya kawaida. Keppler hakuwalazimisha wafanane naye, na kwa mhariri ambaye mwenyewe ni mchoraji mkubwa, kujizuia namna hiyo ni adimu.

Tatu, alifanya mchoro kuwa jambo la kikao. Wachoraji na waandishi walikaa pamoja kuamua hoja ya wiki na namna ya kuipa sura. Mfano maarufu zaidi ni wa uchaguzi wa urais wa 1884. Chama cha Republican kilimsimamisha James G. Blaine, mwanasiasa aliyeandamwa na tuhuma za rushwa. Puck likamchora kama mtu aliyechanjwa chale mwili mzima, na kila chale ni kashfa moja. Picha iliyovuma kuliko zote ilitoka tarehe 4 Juni 1884. Humo Blaine anavuliwa shuka mbele ya wakuu wa chama chake, kwa mfano wa mchoro maarufu wa Mfaransa Jean-Léon Gérôme kuhusu mwanamke wa Kigiriki, Phryne, mbele ya mahakama. Aliyeichora ni Gillam, na Gillam mwenyewe alikuwa shabiki wa Republican. Hoja ilikuwa ya gazeti. Mkono ulikuwa wake.

Grover Cleveland alishinda uchaguzi huo. Jimbo la New York, lililoamua matokeo, Blaine alilipoteza kwa kura zipatazo elfu moja kati ya zaidi ya milioni. Zilikuwapo sababu nyingine, ikiwemo hotuba ya mchungaji mmoja aliyewatukana wapiga kura Wakatoliki wiki ya mwisho, na gazeti la New York World la Pulitzer lilipiga vita yake pia kwa katuni. Siwezi kuwaambia kwamba picha moja ilimwangusha Blaine. Ninachoweza kusema ni kwamba baada ya 1884 hakuna mwanasiasa wa Marekani aliyeweza kuidharau katuni. Ushahidi ni hatua waliyoichukua wapinzani: wafadhili wa Republican waliligeukia Judge, gazeti ambalo James Wales alikuwa amelianzisha mwaka 1881 baada ya kutoka Puck, wakalipa fedha na kuwavuta Gillam na Zimmerman. Hata gazeti la mshindani lilijengwa na watu waliofundwa kwenye meza ya Keppler.

Michoro miwili, na aibu moja

Nisiwanyime michoro yake mwenyewe. Tarehe 23 Januari 1889 alitoa picha ya Seneti. Maseneta wameketi kwenye madawati yao, wadogo kama watoto wa shule. Nyuma yao wamesimama majitu yenye matumbo ya magunia ya fedha, kila moja limeandikwa ukiritimba wake: chuma, shaba, mafuta, sukari. Mlango wa wenye ukiritimba uko wazi. Mlango wa wananchi, juu kwenye roshani, umefungwa kwa komeo. Wakati huo maseneta hawakuchaguliwa na wapiga kura. Mabunge ya majimbo ndiyo yaliyowachagua, na matajiri walijua wapi pa kupeleka bahasha. Mabadiliko ya 17 ya Katiba, yaliyowapa wananchi haki ya kuwachagua maseneta moja kwa moja, yalikuja mwaka 1913. Mtazamaji wa mwaka 1889 hakuhitaji kusoma makala ndefu ili alielewe tatizo. Alihitaji kutazama milango miwili tu.

Mchoro wa pili ulitoka tarehe 11 Januari 1893. Mhamiaji maskini anashuka melini na furushi lake. Gatini wamesimama matajiri watano waliovaa vizuri, mikono imenyooshwa kumzuia. Nyuma ya kila tajiri kuna kivuli kikubwa, na kivuli hicho hakifanani na mwenye nacho: kinaonyesha mkulima, mchuuzi, mtu wa furushi, yaani yeye mwenyewe au baba yake siku alipofika. Walipita daraja, na sasa wanataka kulivunja. Sijui katuni ya karne ile inayosema kweli ngumu kwa njia iliyo safi zaidi.

Lakini lazima niseme na jingine, kwa sababu ninamheshimu Keppler kiasi cha kutomfichia. Mtu huyohuyo aliyewachora wahamiaji wakikaribishwa na Mjomba Sam kama Nuhu mlangoni mwa safina, tarehe 28 Aprili 1880, ndiye aliyetoa mwaka 1878 mchoro uliowaonyesha wafanyakazi wa Kichina kama watu wachafu wanaoishi kwa mrundikano na kula panya, ili kuwaonya waajiri. Miaka minne baadaye, mwaka 1882, Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia Wachina. Mwaka huo wa 1882 Keppler alichora nyumba ya kulala wageni ya Mjomba Sam ambamo mgomvi ni Muailandi peke yake, na Opper aliwachora Waailandi kwa sura za nyani. Watu weusi nao walichorwa kwa vinywa na macho ya dhihaka. Kanisa Katoliki na Wamormoni walishambuliwa bila huruma.

Wako watakaosema ndivyo ulimwengu ulivyokuwa. Jibu hilo halitoshi. Keppler alikuwa na macho ya kuona, na mwaka 1893 alithibitisha kwamba aliweza kuona. Kilichomponza ni kilekile kilichompa nguvu: picha inayoeleweka upesi na wote huvuta kwenye sura ambazo wote wamekwisha kuzizoea, na sura zilizozoeleka mara nyingi ni chuki za mitaani. Hapo ndipo mhariri anapohitajika zaidi. Mhariri wa katuni analinda jambo kuu kuliko usafi wa mstari. Analinda heshima ya anayechorwa, hasa yule asiye na gazeti la kumjibia. Waailandi wa New York walikuwa na kura na wakapata meya wao. Wachina wa California hawakuwa na chochote. Puck lilitofautiana na wenye nguvu kwa ujasiri mkubwa, lakini kwa wanyonge wa aina fulani likasahau ujasiri huo unaelekea wapi.

Kutoka Puck hadi kurasa za Jumapili

Gazeti la wiki lilipofanikiwa, magazeti ya kila siku yaliiga. Pulitzer, yule kijana wa St. Louis, alikuwa amelinunua New York World mwaka 1883. Mwaka 1889 toleo lake la Jumapili lilianza kuwa na kurasa za vichekesho, na mwaka 1893 likaanza kuzitoa kwa rangi. Lengo lilikuwa wazi: kumpa msomaji wa gazeti la bei nafuu kile alichokuwa akikinunua katika Puck na Judge. Mwaka 1895 Richard Outcault akaleta humo mtoto wa kanzu ya njano aliyewafurahisha watu wa New York. William Randolph Hearst akaingia mjini na kumnyang'anya Pulitzer wachoraji. Katika gazeti la Hearst, Desemba 1897, Rudolph Dirks, mhamiaji wa Kijerumani aliyefika Marekani akiwa na miaka saba, akaanzisha mfululizo wa watoto watukutu, Katzenjammer Kids, ambao uliimarisha mtindo wa vibonzo vya mfululizo vinavyosomwa picha kwa picha.

Na Opper? Baada ya miaka yake 18 ndani ya Puck alihamia kwa Hearst mwaka 1899, na mwaka uliofuata akamzaa Happy Hooligan, yule masikini mwenye kopo kichwani ambaye kila wema wake unamletea kipigo. Uwezo wa kusimulia kwa picha, wa kupima mahali pa kuweka pigo na mahali pa kuweka kicheko, Opper alikuwa ameshaukuza kwa miaka mingi kwenye kurasa za ndani za Puck, ambamo yeye na wenzake, akiwemo F. M. Howarth, walikuwa wakichora visa vya picha kadhaa kwa mfuatano. Ukiuliza vibonzo vya Jumapili vilitoka wapi, sehemu kubwa ya jibu iko kwenye meza ile.

Keppler hakuyaona yote hayo. Mwaka 1893, Maonyesho ya Dunia yalipofanyika Chicago, Puck lilijengewa banda lake, lililosanifiwa na kampuni ya McKim, Mead na White, na humo wageni walitazama gazeti maalumu la maonyesho likichapwa mbele ya macho yao. Keppler aliisimamia kazi hiyo mwenyewe kwa miezi yote ya maonyesho. Matoleo 26 yalitoka, kuanzia Mei hadi Oktoba. Kazi hiyo ilimmaliza afya, na tarehe 19 Februari 1894 alifariki New York, akiwa na umri wa miaka 56.

Mwanawe, Udo, aliichukua kalamu, akalichukua na jina la baba yake. Mwaka 1904 alichora kampuni ya Standard Oil kama pweza aliyezungusha mikono yake kwenye Bunge, akinyoosha mmoja kuelekea Ikulu, mchoro ambao bado unatumika kila panapozungumzwa ukiritimba wa mafuta. Toleo la Kijerumani lilifungwa mwaka 1897. Puck la Kiingereza likaishia mikononi mwa Hearst na kufungwa mwaka 1918. Mwaka 1931 Hearst alilitoa jina hilo makavazini na kuuita kwa jina la Puck mkusanyiko wake wa vibonzo vya rangi vya Jumapili. Mtoto alirithi jina la mzazi wake.

Linalotuhusu

Afrika Mashariki pia imepata wahamiaji wa kalamu. Mwaka 1973 Nairobi, Hilary Ng'weno na Terry Hirst, mchoraji aliyetoka Uingereza mwaka 1965, walianzisha jarida la Joe, lililowapa nafasi waandishi na wachoraji wa vibonzo waliochora maisha ya mtu wa mjini. Mwaka 1992 Godfrey Mwampembwa, tunayemwita Gado, aliondoka Dar es Salaam akajiunga na magazeti ya Nation huko Nairobi. Sitaki kulazimisha ufanano kati yao na mtu wa Vienna. Kila mmoja ana historia yake. Ninachotaka ni kwamba tunapoandika historia ya katuni zetu, tusihesabu michoro peke yake. Tuulize ni nani aliyewakusanya wachoraji, ni nani aliyewapa ukurasa, ni nani aliyekataa mchoro usiofaa na kwa sababu gani.

Mara nyingi mchoraji huitwa mwisho, makala zikiwa zimekwisha kupangwa, na kuambiwa ajaze nafasi iliyobaki. Keppler aligeuza utaratibu huo, na gazeti lake likaishi miaka mingi baada yake. Wahariri mliomo humu, mpeni mchoraji kiti katika kikao cha asubuhi, kabla habari ya kwanza haijachaguliwa, na mmwache abishane. Wachoraji, mkipata kiti hicho, kumbukeni safina ya 1880 na mchoro wa Wachina wa 1878 vilitoka kwa mkono mmoja. Kipaji hakimwambii mtu amchore nani kwa heshima. Hilo huamuliwa mezani, na watu wanaokubali kuwajibika kwa kila sura inayotoka kwenye ukurasa wao.